Ng'ombe wa Baba, Mchanga wa Bibi

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na shamba bondeni, kando ya mto wa msimu unaoshuka kutoka milima ya Irangi kuelekea mji wa Kondoa. Baba yangu alikuwa na ng'ombe, nao walilishwa juu, kwenye miteremko ya milima hiyohiyo. Kila msimu wa mvua mchanga ulishuka ukalala juu ya shamba la bibi, na sehemu ya mchanga ule, tena si haba, ilitoka chini ya kwato za ng'ombe wa mwanawe. Nyumba ilikuwa moja, chungu kimoja. Masaibu yetu yote yalianzia hapo.

Habari za Kondoa zimeandikwa sana na waliokuja kuzipima. Nimezisoma, maana nilikuja kuwa mwalimu na somo langu lilikuwa jiografia. Sina ugomvi nazo. Ila kila nikimaliza kusoma huona kuna watu waliokaa ndani ya zile takwimu ambao hakuna aliyewauliza walikula nini mwaka ule, na mimi ni mmoja wao.

Kwanza niueleze mto. Msomaji wa Pwani au wa Kagera akisikia neno mto huona maji. Mto wetu ni wa mchanga. Maji hupita siku chache baada ya mvua, kwa kelele na kwa rangi nyekundu, kisha hubaki uwanja mpana mweupe ambao mtu huuvuka na viatu vyake miguuni. Chini ya mchanga maji yapo. Kiangazi akina mama hufukua shimo, husubiri yachuruzike taratibu, ndipo huchota kwa kibuyu. Kwa hiyo mchanga wenyewe hatukuuchukia moja kwa moja. Ulitunyang'anya mashamba na papo hapo ukatutunzia maji ya kunywa. Shida ilikuwa wingi wake, na kwamba haukukoma kuja.

Bibi alisimulia kwamba alipoolewa pale, mto ulikuwa mwembamba, una matete kingoni, na mtu mzima aliuvuka kwa hatua chache. Nilipopata akili mimi, ukitaka kumwita mtu aliye ng'ambo ilikubidi upaze sauti kwa viganja viwili. Pembezoni mwa shamba kulikuwa na mwembe ambao shina lake lilizama mpaka matawi ya chini yakawa yanagusa ardhi, tukawa tunachuma maembe tumekaa kitako. Sisi watoto tuliona raha. Bibi alikuwa akiutazama ule mwembe, anasema shina lile aliliegemea akiwa na mimba ya baba.

Mafuriko yalipokuja mapema, uwele ulikuwa mdogo na ulifunikwa wote. Yalipochelewa, ulibaki masuke tu yanachungulia juu ya mchanga. Tulitoka na majembe na makarai, tukakomba mchanga kutoka kwenye mistari na kuumwaga mtoni, nao mto ukaurudisha mvua iliyofuata. Kazi ya namna hiyo mtu haifanyi kwa matumaini. Huifanya kwa kuwa shamba ni lake na hana lingine.

Juu mlimani mambo yalikuwa ya aina nyingine. Ardhi ilikuwa nyekundu, tupu, na miti michache iliyobaki ilisimama juu ya mizizi yake iliyo nje, kwa sababu udongo uliokuwa umeifunika mizizi hiyo ulikuwa umeshahamia kwetu bondeni. Nyumba ya mjomba ilikuwa karibu na korongo ambalo, alipojenga, lilikuwa mbali. Alihamisha jiko kwanza, kisha zizi, mwishowe nyumba nzima. Usiku wa mvua ulisikia ukuta wa korongo ukiporomoka, na asubuhi watu walikwenda kuangalia limekula wapi.

Nilipokuwa nikifundisha niliwapeleka wanafunzi kuliona jambo hili kwa macho, kwa sababu ubaoni halieleweki. Udongo ukishavuliwa majani, tone la mvua huupiga moja kwa moja. Chembe ndogo huziba vitundu vya juu, uso unaganda, na maji yanayofuata hayana pa kuingilia, basi hukimbia. Yakikusanyika kwenye njia ya ng'ombe, njia inakuwa mfereji. Mfereji ukikuta udongo laini unakuwa korongo. Na korongo hula kuelekea juu, kwa kuwa maji yanayoangukia ndani yake huchimba mguu wa ukuta mpaka ukuta wenyewe udondoke. Bondeni mteremko unapungua na maji yanaishiwa nguvu. Hapo huanza kutua mzigo: kokoto kwanza, kisha mchanga. Tope laini, ambalo ndilo lenye rutuba, halitui. Linaendelea na safari kwa Mto Kondoa, linaingia Mto Bubu, linafika hadi mbuga ya Bahi. Bibi alibakiziwa makapi.

Nani aliivua milima nguo zake? Jibu ambalo watu hupenda kulitoa ni kwamba Warangi walipenda ng'ombe kupita kiasi. Ni jibu rahisi, na mimi binti wa mfugaji silikatai lote. Lakini Kondoa ilikuwa njia ya misafara karne ya kumi na tisa, na misafara hununua chakula, na chakula hutaka mashamba. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana hapa hapa Kondoa Irangi, na jeshi lolote linalopiga kambi hula mali ya mwenyeji. Kisha, kati ya miaka ya 1920 na 1940, serikali ya kikoloni iliendesha kampeni za kufyeka vichaka ili kumfukuza mbung'o. Mbung'o alikimbia kweli, watu na mifugo wakaongezeka mahali ambapo kivuli kimeondolewa. Baada ya hapo wakoloni haohao wakageuka na kuwaamuru watu wachimbe matuta ya kuzuia maji. Wazee wetu walichimba kwa shuruti, na Uhuru ulipokuja wakayaacha yabomoke. Hatukuwa peke yetu. Huko Uluguru matuta yalizua ghasia mwaka 1955. Tulipata baadaye bwana shamba Mluguru, mtu mcheshi, ambaye alikuwa akisema kwamba kwao neno matuta lilitosha kuvunja mkutano. Mtu huyohuyo alitusimulia habari za Mgeta, Februari 1970, mvua ya saa chache ilipoangusha maporomoko zaidi ya elfu moja milimani, karibu yote kwenye mashamba na nyasi, na kwenye msitu yakawa ya kuhesabika. Alisema baada ya siku ile hata waliokataa matuta waliacha kucheka.

Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao kila mtu aliuita HADO, ukisaidiwa na Sweden. Walikuja na matrekta, wakachimba makinga maji, wakaziba makorongo kwa mawe na miti, wakapanda mikonge na mabingobingo na mijohoro. Nakumbuka tulivyokimbilia kuona trekta. Makinga maji yalikuwa mazuri kuyatazama, lakini juu yake walipita ng'ombe, wakakanyaga kingo na kung'ata kila chenye jani. Ikaonekana kwamba kazi haisimami wanyama wakiwapo. Mwaka 1979 serikali ikaamua mifugo yote itoke katika eneo lililomomonyoka, kilomita za mraba 1,256. Ilikuwa ni wanyama wapatao 90,000: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda.

Habari hizo tulizisikia kwanza kama uvumi, na jioni moja zikafika ndani kwetu. Baba alirudi kutoka mkutanoni, akaketi, akakataa maji ya kunawa. Alisema wanatutaka tuwe maskini. Bibi alikuwa akichambua mlenda. Hakuinua uso. Akamwambia, "Mwanangu, mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimekula janga la ng'ombe wako miaka yote na sikukwambia kitu."

Baba hakujibu. Hakupata kumjibu mama yake kwa ukali maishani mwake, na usiku ule ndipo nilipomwona akitaka kufanya hivyo. Alitoka akaenda kulala zizini.

Watu huwa wananiuliza nani kati ya hao wawili alikuwa na haki. Nimeshakuwa mtu mzima, nimeshakuwa bibi mimi mwenyewe, na bado nikijibu siku moja hivi, kesho yake hujibu vile. Wale ng'ombe walikuwa benki ya baba. Walikuwa mahari ya kaka zangu, samadi ya shamba la mahindi, maziwa ya watoto, na heshima ya baba barazani. Mtu akiugua, aliuzwa mmoja. Bibi naye alikuwa na ekari zake bondeni, na zilikuwa zinamezwa akiona.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeondoka nao. Walikusanyika vijana wa koo kadhaa, wakaswaga mifugo kushuka mashariki kwenda nyika za Kiteto, enzi hizo mkoa wa Arusha, ambako baba alikuwa na mtu wa ukoo. Mimi nilikuwa darasa la tano na kabla ya hapo nilikuwa mchunga ndama. Mama alimfungia kaka unga wa uwele na karanga. Baba alitembea nao mpaka mwisho wa kijiji, akawa anawagusa ng'ombe mmoja mmoja mgongoni, anawataja kwa majina yao, kisha akageuka akarudi bila kuagana na kaka. Kaka alinieleza miaka mingi baadaye kwamba hilo lilimuuma kuliko safari.

Mwaka ulikuwa mbaya kwa kila jambo. Vita vya Kagera vilikuwa vimemalizika, tumeambiwa tufunge mikanda miezi 18, na miezi hiyo ikapita na mkanda haukulegea. Duka la kijiji lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Sabuni ilikuwa habari, sukari ilikuwa ndoto. Wakati mwingine ulikuja unga wa njano wa msaada ambao watu waliubatiza jina la Yanga. Kwetu ugali uliliwa kwa mlenda, na zamani mlenda ulifuatiwa na maziwa mgando. Sasa ulifuatiwa na maji. Mdogo wetu wa mwisho alivimba miguu na nywele zikabadilika rangi. Mama alimbeba kwenda zahanati, akaambiwa mtoto anataka maziwa na mayai. Mama alisema ndiyo, akashukuru, akarudi naye. Kuku wetu watatu walitaga kwa ajili yake yeye tu. Alipona, leo ni dereva wa lori, na mpaka kesho hali yai.

Samadi ilipokwisha mahindi yalidhoofu mwaka uliofuata. Harusi ya dada ikasogezwa, kwa sababu upande wa mume nao ng'ombe wao walikuwa wameondoka, na mahari ya fedha taslimu wazee walikuwa bado hawajajifunza kuipanga. Wapo waliorudisha mbuzi usiku na kuwaficha mabondeni. Waliokamatwa walitozwa faini. Wapo waliohama kabisa. Wengine, na baba alikuwa miongoni mwao, walikaa tu barazani. Nimemwona mwanamume mwenye nguvu zake akikaa kutwa nzima na fimbo ya kuchungia mkononi, hana cha kuchunga.

Ambacho sikisikii kikisemwa sana ni kwamba mwanzoni hatukuona faida yoyote. Ng'ombe walikuwa wameondoka na maji yalikuja mekundu vilevile. Mchanga ulishuka vilevile. Watu wakacheka kwa uchungu: kumbe hata bila ng'ombe! Sababu yake nilikuja kuielewa ukubwani. Mchanga uliokuwa tayari umelala makorongoni na vijitoni ulikuwa mwingi mno, na hata mlima ukiacha kutoa mpya, ule wa zamani huendelea kusukumwa chini mvua baada ya mvua. Mlima hupona kwanza, mto hufuata nyuma kwa miaka. Lakini mwenye njaa huwezi kumwambia hivyo, na hakuna aliyetuambia.

Majani ndiyo yalianza. Tulikuwa tunakwenda kuokota kuni, na asubuhi moja nikagundua miguu imelowa umande mpaka magotini. Pale palikuwa kipara nilipokuwa nachunga ndama. Mizizi ya miyombo iliyokatwa zamani ikachipua, ikawa vichaka, na vichaka vikawa na nyoka, jambo ambalo baba alilitaja kama hasara nyingine ya mradi. Mafuriko yakaanza kubadilika tabia. Zamani mvua ikikatika mlimani, ukuta wa maji ulifika bondeni kabla hujamaliza kuanua nguo. Sasa yalichelewa, yakaja chini zaidi, halafu hayakukatika haraka. Yalibaki kama uzi katikati ya mchanga wiki na wiki.

Kisha mto ukaanza kuwa mwembamba. Pembeni ambako maji hayakufika tena majani yaliota juu ya mchanga, yakakamata vumbi na tope, na mvua iliyofuata ikaongeza kidogo. Bibi alikuwa wa kwanza kuelewa. Alimtuma mama kwenda kuomba vipandikizi vya mabingobingo kwa bwana misitu, akavichomeka kwenye ukingo mpya aliojichagulia mwenyewe. Majirani walimshangaa anapanda mtoni. Mwaka mmoja vikachukuliwa vyote, akachomeka vingine.

Hapo likatokea jambo lililotutisha. Mto uliokuwa umejaa hadi juu ukaanza kujichimbia chini. Kingo zikawa zinaanguka, na bibi akaja juu: tumefukuza ng'ombe, watoto wamekula mlenda mtupu, na bado mto unakula ardhi yangu! Akamwendea bwana misitu kwa hasira.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Njoo uone mto wako."

Yule kijana alikuja, akasimama akatazama, akacheka kidogo. Akamwambia bibi kwamba maji yaliyokuwa yakishuka na mzigo mzito yalitumia nguvu zake zote kuubeba, sasa yameachiwa mzigo na nguvu zimebaki, hivyo yanachimba. Ni punda aliyeshushwa magunia, lazima arushe mateke. Akamwambia asubiri, na apande zaidi. Bibi alinung'unika kwamba punda na wao wameondolewa, hamna hata wa kumwonea mfano. Lakini alipanda. Na kweli baada ya misimu kadhaa mto ulipata njia yake, ukakaa humo, na ule uwanja mweupe wa utotoni mwangu ukabaki juu na pembeni, pakavu, hauna mwenyewe.

Bibi akaudai. Alijua udongo wake wa zamani uko chini, kwa hiyo alichimba mashimo mpaka akaukuta ule mweusi, akautia mchanganyiko wa majivu, maganda ya karanga na majani yaliyooza, akapanda miwa. Kwenye mchanga wenyewe akaweka viazi vitamu, ambavyo hupenda ardhi legevu. Miwa ilistawi kwa sababu maji hayakuwa mbali. Tuliifunga matita, tukaibeba kichwani mpaka sokoni Kondoa mjini. Nauli yangu ya kwenda chuo cha ualimu, na sanduku la bati, na mashuka mawili, vilitoka kwenye miwa iliyokua juu ya shamba lililokuwa limezikwa.

Baba hakuuonja muwa wa pale. Sisemi alikuwa na kinyongo; nadhani aliona kwamba akila atakuwa amekubali. Alifariki mwaka 1986. Mlima ulikuwa umeshakuwa kijani wakati huo na wageni walikuwa wanaletwa kuutazama, wanapiga picha, wanasema ni mfano kwa Afrika. Walisimama mahali ambapo pangeweza kuonekana kaburi lake, kama wangegeuka.

Kaka hakurudi kuishi. Huko nyikani ng'ombe wetu, waliozoea ubaridi wa milimani, walikutana na ndigana na mbung'o, na miaka michache baadaye kundi lilibaki la kuhesabu kwa vidole. Alianza upya kwa kulima, akaoa huko, akapata tena mifugo kidogo kidogo. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilishuka kwenye basi, nikatembea kwenda kwake, na njiani nikavuka kijikorongo. Mara ya mwisho nilipokwenda, kijikorongo kilikuwa korongo, na kuna daraja la magogo. Nilimwambia kaka, "Mnajua hiki ni nini." Akasema anajua. Akasema kule alikotoka alifukuzwa kwa sababu ya hiki, na hapa wapo wengi waliofukuzwa, wote kwenye ardhi moja. Sijaona kwenye maandishi ya sifa za Kondoa mtu akiuandika mchanga wa Kiteto katika hesabu. Kwa maoni yangu ungepaswa kuwamo.

Miaka ya 1990 walikuja watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm na wa Dar es Salaam. Walikwenda kwenye Ziwa Haubi, wakatoboa mashapo ya chini kwa mabomba, wakatoa vipande virefu vya tope na kuvisoma tabaka kwa tabaka. Walisoma pia udongo uliolundikana chini ya miteremko. Waligundua kwamba milima ya Irangi iliwahi kumomonyoka vibaya mamia ya miaka iliyopita, na awamu nyingine ni ya kale zaidi, maelfu ya miaka, kabla hata ya mtu kulima hapa. Nilipolisoma hilo nilitamani baba awe hai nimsomee. Lisingemrudishia hata ndama. Lakini mtu aliyeambiwa mbele ya mkutano kwamba ameua nchi kwa mifugo yake angefurahi kusikia kwamba nchi ilianza kuugua kabla yake.

Wakati huohuo ng'ombe wakaruhusiwa kurudi, kwa sharti wafungiwe ndani na kulishwa hapohapo. Nilipata mtamba kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mmoja, akizaa jike unampa jirani. Maziwa yakarudi nyumbani. Nilichemsha ya kwanza, nikampelekea mama, akanywa amesimama. Lakini niseme na hili, kwa kuwa mabwana mifugo walilisifia sana zizi na hawakusema nani analihudumia. Ng'ombe aliyekuwa akijitafutia majani na maji kwa miguu yake, akichungwa na mtoto wa kiume, sasa huletewa vyote kichwani, na kichwa hicho ni cha mwanamke. Nimekata mabingobingo kabla ya alfajiri nikiwa na mimba, nikaenda darasani na mikono ina mikato. Mlima umepona kwa sehemu kwa jasho hilo, na sijawahi kuliona likitajwa kwenye ripoti yoyote.

Mradi ulifika mwisho katika miaka hiyohiyo ya 1990 na ulinzi ukalegea polepole. Mbuzi walitangulia kurudi, mbuzi huwa hawangoji tangazo. Sasa kuna ng'ombe mlimani mchana kweupe. Mashamba ya alizeti yanapanda juu kwa sababu bei ni nzuri, mkaa unashuka, na tangu ujenzi ushamiri malori yanaingia mtoni kubeba mchanga. Ule mchanga uliotutesa una bei! Lakini wanapochimba kina, ukingo wa jirani unaanguka, na visima vyetu vya kufukua vinakauka mapema. Msimu uliopita maji yalishuka mekundu kuliko nilivyoyaona tangu niwe msichana. Mabingobingo ya bibi bado yapo, tumeyapanda upya mara nyingi, na yalikamata tope la kutosha. Lakini ukingo wa mto hauwezi kufanya kazi ya mlima mzima.

Mwaka jana mtoto wa kaka alikuja kutoka Kiteto. Kule malisho yamekwisha, wakulima na wafugaji hawapatani, naye ana ng'ombe kumi na wawili. Anataka kuwaleta kwenye mlima wa babu yake. Anafanana na baba mpaka namna ya kuketi. Aliniita shangazi kwa upole, akaniambia, "Shangazi, sisi ndio tuliolipa. Majani yale yaliota kwa sababu sisi tuliondoka." Sikuwa na la kumpinga, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikamwambia kwamba nitasimama mkutanoni kumpinga asiwapandishe ng'ombe mlimani, na kwamba nitampa kipande cha ule uwanja wa mtoni apande majani ya ng'ombe wanne, hao wengine awauze. Alikasirika. Aliondoka mezani, akaenda kulala bila kunitakia usiku mwema, na asubuhi akaniuliza mabingobingo hukatwa baada ya miezi mingapi.

Kijiji sasa kinaandika sheria ndogo ya malisho. Wanaotoka bondeni wanataka mlima ufungwe tena, wenye mifugo wanataka ugawanywe kwa zamu, na vijana wa malori wanataka mto usitajwe kabisa. Mimi nimependekeza kwamba atakayeambiwa aondoe mifugo apewe kwanza mbegu za majani na ardhi ya kupanda, na kwamba jambo hilo liandikwe, lisibaki la mdomo. Mwenyekiti alisema ni wazo zuri ila halina bajeti. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi. Kikao kimeahirishwa mpaka alizeti ivunwe, na mpwa wangu ameahidi kuja kusema upande wake.